Sisi Tunaochota Chini

Jumamosi, 9 Machi

Mlima umefunikwa na wingu tangu asubuhi, lakini hapa kwetu Daa jua lilikuwa kali. Mchana nilikuwa nimeanika maharage ya mbegu uani, halijaanguka hata tone, mara mto Endasiga ukaja na maji mekundu na kelele. Nikakimbilia ndani kama mtoto. Ayo akacheka mpaka akashika mbavu. Ayo ni mama mkwe wangu, jina lake Cresensia. Kwa Kiiraqw mama ni ayo. Kwetu Malambo, kwa Kimaa, ni yeyo.

"Resiato, unaukimbia mto? Mto hauna miguu ya kupanda huku."

Sikucheka. Nesi Sifa wa zahanati aliniambia kliniki kwamba nikiogopa nisilale na hofu yangu, niiandike. Basi naiandika. Nina mimba ya miezi saba, na zahanati iko ng'ambo ya mto.

Jumanne, 12 Machi

Nyumba yetu iko kwenye ulimi wa ardhi. Mbele yetu mto. Nyuma korongo ambalo kila masika linameguka zaidi, hata mbuzi hashuki. Juu yetu msitu wa Hifadhi, mto unakotoka, wenye nyati na tembo wake. Chini kabisa mto na korongo vinakutana. Wakati wa kiangazi ulimi huu ni shamba kama shamba lingine. Masika ni kisiwa, na daraja la magogo ndilo pekee linalotuunganisha na zahanati, kanisa, mashine ya kusaga, barabara ya Karatu na watu wenye akili waliojenga ng'ambo.

Kaya za upande huu ni chache, na yetu tangu mwaka juzi iko peke yake kuliko zote. Mwaka juzi mwishoni nilijifungua mtoto ambaye hakulia. Tangu siku ile nyumba yetu iko kwenye metimani, mwiko wa Wairaqw kwa nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo. Wametutenga, lakini kwa adabu. Hakuna anayetutukana. Watu wanatusalimia kutoka njiani na kuuliza habari za maharage. Ila hawaingii ndani, hawaombi moto wala chumvi, hawanywi kwa kikombe chetu wala hawatupi chao. Na maji tunachota kwenye kona ya chini, chini ya wanawake wote, chini hata ya mahali ng'ombe wanaponywea, ili uchafu wetu uende zake ziwa Eyasi bila kumgusa mtu. Itakuwa hivyo mpaka mtoto mzima alie mikononi mwa nyumba hii.

Katekista anahubiri kwamba mambo hayo yalikwisha zamani za mababu. Akipita kwetu anakataa chai, anasema ana vidonda vya tumbo.

Mume wangu Isaya anakasirika sana kwenye simu. Yuko Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, huko chini mto huu unakoelekea. Ni rahisi kukasirika ukiwa huchoti maji.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekutana na Angela, jirani yetu wa karibu, njia ya mtoni. Angela ana kopo la njano la plastiki analolining'iniza kwenye mshikio wa ndoo. Yeyote mwenye kiu njiani humchotea, hata watoto wa watu asiowajua. Nilikuwa nimetoka kona ya chini, nahema kama punda wa mnadani. Akanitazama, akalitazama kopo, akalisogeza upande wa pili wa ndoo.

"Pole, mama. Mbona umebeba ndoo iliyojaa hivyo na hali yako hiyo?"

Nikamwambia nimeshapoa. Nilifika nyumbani nikalia, kisha nikapika.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Makande. Mtoto anapiga teke vizuri.

Jumapili, 24 Machi

Leo ilikuwa Jumapili ya Matawi. Baada ya misa Nesi Sifa alinipima. Mtoto yuko vizuri, moyo wake unakimbia kama sungura. Akasema nisingoje uchungu unikute upande ule. Ana chumba nyuma ya zahanati, niende mapema nikakae.

Jioni Ayo alikuwa anachambua maharage. Huyu mama mikono ikiwa na kazi ndipo ulimi unafunguka, kwa hiyo nikakaa karibu.

"Nenda wiki hii hii," akasema. "Usingoje Pasaka. Mto haujaanza bado."

"Kama haujaanza, ule wa juzi ulikuwa nini?"

"Ule ulikuwa Chekundu peke yake." Akapanga maharage matatu kwenye ungo. "Sikiliza. Endasiga si mto mmoja, ni vijito vitatu. Cha kwanza, upande wetu, ni Kiziwi. Hakina kelele, kinapita kwenye majani na tope. Cha katikati ni Cheusi, kinatoka ndani kabisa ya msitu, maji yake kama chai ya rangi. Cha mwisho, upande wa ng'ambo, ni Chekundu. Hicho kinachukua maji ya mashambani, udongo mtupu. Vinakutana kule juu penye mikuyu, na vikishakutana ndipo unapata mto wa kuua mtu. Mimi kila asubuhi natazama rangi, najua nani amekasirika."

Kumbe ndiyo sababu anasimama mtoni alfajiri, midomo ikicheza. Nilidhani anaongea na wenye maji, maana hapa wanasema mito ina wenyewe wasioonekana.

Nikamwambia kwetu Malambo tuna mito ya mchanga. Mbingu nyeupe, kisha unasikia mngurumo, maji yanashuka na miti na mizoga. Ukitulia juu ya ukingo yanapita, na jioni watoto wanacheza mpira mle mle. Mtoto wa Malambo hauogopi mto uliojaa, anauogopa mto mkavu. Huu nao utajaa na utapungua, nitavuka ukipungua.

"Msitu haufanyi hivyo," Ayo akasema. "Msitu unakawia kukasirika na unakawia kusamehe. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, binti."

Hakuniita mkwe wala Resiato. Hilo binti lilinifurahisha, hata nikasahau kusikiliza alichokuwa anasema.

Alhamisi, 28 Machi

Nimesikia jambo.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nakusanya kuni kabla hazijalowa. Ayo alikuwa juu kidogo, pale kwenye kichuguu ambapo simu inashika. Alikuwa anaongea na Isaya kwa Kiiraqw, kisha mtandao ukakatika, akapiga tena na akaanza kupaza sauti kwa Kiswahili, kama anavyofanya akitaka kueleweka kabisa.

"Asizalie humu ndani, Isaya! Nasema asizalie humu ndani!"

Basi nimeelewa kwa nini ninahimizwa kwenda mapema. Mtoto huyu naye akifa, afie ng'ambo, kwenye nyumba ya serikali, isiwe kwetu tena. Nyumba isizidi kuchafuka. Na hilo "binti" lilikuwa la kunitoa nje kwa upole, kama unavyomwita mbuzi mwenye upele huku umeficha fimbo.

Ninaogopa mto. Sasa namwogopa na mtu ninayelala naye chini ya bati moja.

Siendi mpaka nitake mwenyewe.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Daraja limekwenda. Watu walikuwa kanisani ng'ambo. Sisi tulibaki kwa sababu miguu yangu imevimba. Tulisikia mlio kama mti mkubwa unavunjwa na tembo. Tulipotoka tuliona magogo yanashuka yamesimama wima, yanazama na kuibuka, na ile kamba ya waya inachapa maji. Waliokuwa misani wamelala ng'ambo kwa ndugu.

Ayo hakusema "nilikwambia". Nilitamani aseme ili nipate pa kukasirikia.

Jumatano, 3 Aprili

Maji hayajapungua. Kwetu yangekuwa mchanga sasa hivi.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nimekataa kuvuka, na sijui nilichokataa ni nini.

Valeriani, mume wa Angela, aliazima trekta ng'ambo. Wakafunga kamba kwenye mti, trekta likaingia mtoni taratibu, maji yakafika juu ya matairi ya mbele. Likavusha wagonjwa, mahindi na watoto wa shule. Ayo alikuwa ameshafunga mfuko wangu: khanga, wembe mpya, nguo za mtoto, sabuni. Akausimamisha mlangoni.

"Twende. Hii ndiyo nafasi yako."

"Ayo, nitakwenda wiki ijayo maji yakipungua."

"Hayatapungua wiki ijayo. Tazama rangi. Cheusi kimeingia."

Kweli maji yalikuwa yamebadilika, si mekundu tena, ni rangi ya majani yaliyooza, na yalikuwa na harufu ya baridi. Niliyaona. Lakini nilikuwa nasikia tu lile neno, asizalie humu ndani, na nikaona Angela na wengine wamepanda kwenye trekta, wamebanana, na nikajua nikipanda watanipishia nafasi kubwa, nafasi ya watu watatu, kwa adabu.

"Kama unataka nitoke nyumbani kwako, sema," nikamwambia.

Ayo akauchukua mfuko akaurudisha ndani, akaenda kukamua ng'ombe kabla ya saa ya kukamua. Hatujaongea tangu hapo.

Alhamisi, 11 Aprili

Trekta limekwama katikati ya mto na dereva ameokolewa kwa kamba. Baadaye lenyewe limelala ubavu. Ng'ombe mmoja, jike jekundu lenye pembe nzuri, alipita mbele ya macho yangu ameinua pua juu ya maji, akitutazama watu wa ukingoni mmoja mmoja. Sisi Wamaasai ng'ombe akifa hivyo hatujui pa kuweka mikono.

Hakuna anayevuka tena. Nimekosea. Nilipima mto huu kwa kibaba cha kwetu.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua usiku na mchana. Korongo la nyuma limekula choo cha Angela.

Jumapili, 14 Aprili

Isaya amepiga simu. Huko kwao maji yamepita juu ya vitunguu, wamelala juu ya pampu na magunia. Anajifanya mchangamfu.

"Mama watoto, huo mto wenu mnautuma huku bila taarifa! Mnajua mimi siogelei."

"Isaya, ninaogopa."

Hapo akaacha mzaha, akasema, "Mshike mama. Mama anaujua huo mto kuliko anavyonijua mimi."

Nikataka kumwambia alichosema huyo mama yake. Simu ikakatika, au niliikata mimi.

Ijumaa, 19 Aprili. Zahanati

Nimepata nguvu ya kukaa. Naandika yote, maana nikisubiri nitaanza kuyapunguza.

Jumanne alfajiri kiuno kilianza kuuma, na nilijua si kuuma kwa kubeba kuni. Ilikuwa mapema, mwezi ulikuwa haujatimia. Sikumwambia Ayo. Niliweka uji jikoni nikawa nakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva, nakoroga tu. Akaingia, akanitazama mgongo, akatoka. Nikasikia miguu yake ikikimbia kuelekea mtoni. Mama wa umri ule, anakimbia.

Aliporudi alikuwa na mfuko wangu begani.

"Mto ni mwekundu," akasema. "Mwekundu mtupu. Jana mvua imenyesha mashambani, mlimani haikunyesha. Msitu umetulia. Vaa viatu."

"Twende wapi? Hakuna daraja."

"Tunapanda. Hapa mto ni mmoja, huwezi. Juu ni vitatu, unakivuka kimoja kimoja."

Kwenye kichuguu alimpigia Nesi Sifa, akamwambia apande kwa bodaboda upande wake mpaka penye mikuyu, ukingo wa Chekundu, atungoje. Kisha tukashika njia ya ng'ombe, uchungu ukija nasimama nashika mti, ukipita tunatembea. Nilikuwa naogopa kwa namna ambayo sijawahi. Hofu ilikuwa kwenye meno. Msitu ni wa Hifadhi, ukikutwa humo bila kibali ni kesi. Nikamkumbusha Ayo.

"Askari wakitukuta nitashukuru Mungu," akasema. "Watakubeba."

Kiziwi kweli hakina kelele. Ungeweza kutumbukia bila kujua kama ni mto. Maji yamelala kwenye majani marefu, upana wa njia ya gari. Nilikuwa nimeshavua viatu. Ayo alisimama ukingoni na kandambili zake mkononi, na hakuingia.

Nikadhani ameona nyoka.

"Resiato," akasema, "hapa tuko juu ya wote."

Sikuelewa.

"Juu ya kisima cha shule. Juu ya kina Angela. Juu ya ng'ombe wa watu. Tangu mwaka juzi nachota chini, sijawahi kukosea hata siku moja, hata nilipokuwa na homa. Nikitia mguu hapa, kijiji chote kitakunywa mguu wangu. Na wewe chupa ikikupasukia humu..." Nilimwona anaogopa, yeye anayeucheka mto, na nikajua kwamba haogopi Mungu, haogopi nyati, anawaogopa majirani, kama mimi tu.

Uchungu ukanishika nikapiga magoti kwenye tope. "Ayo, ninakufa."

Akasema jambo kwa Kiiraqw, fupi, kama mtu anayefunga mlango, akaingia kwenye maji mpaka mapajani na kuninyooshea mkono.

Baada ya Kiziwi ni msitu wenyewe. Giza la kijani, mavi ya tembo mabichi, kila kitu kinadondosha maji. Tulikuwa tumeanza kusikia Cheusi mbele yetu nikanusa ng'ombe. Nikajiuliza nani anachunga huku. Halafu nywele zikasimama. Nikamshika Ayo shuka na kumvuta nyuma ya mti.

Lilikuwa nyati dume, la peke yake, zee, tope limekauka mgongoni. Lilisimama kwenye njia, kati yetu na maji. Baba alitufundisha tukiwa wadogo tunachunga ndama: dume la peke yake usilipe mgongo na usilipe kelele, lipe muda. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu, na huo ndio uliotuokoa. Lakini uchungu hauna adabu, ukaja pale pale. Niliweka shuka la Ayo mdomoni nikauma mpaka nikasikia uzi unakatika. Ayo alinikumbatia kwa nyuma, kidevu chake kwenye bega langu, na moyo wake ulikuwa unapiga mgongoni kwangu kama mtu anayebisha hodi. Mimi ndiye nilikuwa namwashiria: bado, bado. Nyati likainua pua, likafikiri, likageuka likaondoka kwa hatua za tajiri.

Cheusi tulikivuka juu ya jiwe na mti ulioanguka. Maji yake yana baridi inayouma mfupa. Kikabaki Chekundu.

Chekundu kilikuwa kimejaa. Ni chembamba, unaweza kumrushia mtu jiwe na kumpata, lakini kilikuwa kinapita kama lori. Ng'ambo yake, chini ya mkuyu, alisimama Nesi Sifa na sanduku lake, na kijana wa bodaboda amekaa amegeuza uso. Tulionana. Tulipungiana mikono. Hatukuweza kukutana.

"Tunangoja," nikasema.

"Mtoto hangoji," akasema Ayo, akatandika shuka chini ya mti, mahali penye kipande cha ardhi kati ya Cheusi na Chekundu, si kwetu, si ng'ambo.

Sifa alikuwa anapiga kelele maelekezo na maji yanayala. Tulisikia "...suku...!" na hatukujua kama ni sukuma au usisukume. Ayo akamjibu kwa hasira, "Njoo basi ufanye wewe!" Nilicheka. Katikati ya yale yote nilicheka, na katika kicheko hicho mtoto akatoka.

Hakulia.

Ukimya ule naujua. Nimelala nao tangu mwaka juzi. Nilitazama juu kwenye majani nikaona yote yamesimama, na nikasema moyoni, basi, nitachota chini mpaka nizeeke.

Ayo alimnyonya mtoto puani na mdomoni, akatema. Akamsugua mgongo kwa pindo la shuka. Hakuna. Akamshika akakimbia naye mpaka Cheusi, nikamwona anachota maji kwa kiganja, maji ya juu ya wote, na kumwagia kifuani. Mara moja. Mara ya pili.

Akalia. Sauti nyembamba, ya kukasirika, kama mlango wenye kutu. Ng'ambo Nesi Sifa aliisikia juu ya kelele za Chekundu, akaruka akipiga makofi.

Ni msichana.

Tulikaa pale tumemfunika katikati yetu. Hapo ndipo Ayo alipoongea, mikono yake ikiwa na kazi ya kumfuta.

"Nilimwambia Isaya usizalie ndani. Ulisikia, nilijua umesikia, nikashindwa kukueleza. Mle ndani nilizalia watatu kabla ya Isaya, masika yote matatu. Mto uko mlangoni, hakuna wa kuja. Wawili hawakulia. Mmoja alilia mpaka jioni. Nilichota chini miaka mingi, binti, kabla wewe hujazaliwa huko Malambo. Sikutaka uzalie mle."

Nikamlaza mtoto mikononi mwake na kuegemeza kichwa changu begani kwake, kama nyati lilivyomfanya yeye aniegemee mimi.

Baadaye alitaka kujaribu kuvuka. Nikamkataza. "Hiki hakina msitu," nikamwambia. "Hiki ni cha mashamba. Hiki ni kama cha kwetu Malambo, kitapita." Na kabla ya jua kufika kwenye mikuyu Chekundu kikaanza kuonyesha mawe, na Sifa na kijana wa bodaboda wakaingia wakatubeba.

Jumatatu, 22 Aprili

Ananyonya. Sifa amempima, amesema ni mdogo lakini ni mkali. Tumempa jina Nanyokie, yaani mwekundu. Ayo analitamka kwa shida kidogo na kwa makusudi mara nyingi.

Kuna kinachoniogopesha bado. Ayo hajalala vizuri tangu tuje. Ananiuliza, nani ameugua huko upande wetu? Anamuuliza Sifa, anamuuliza kijana wa bodaboda. Mtoto amelia, metimani imekwisha, lakini alilia juu, baada ya sisi kuyaingia maji. Hakuna anayejua isipokuwa sisi, Sifa na kijana wa bodaboda. Nimemwambia tunyamaze. Amesema atafikiri.

Alhamisi, 25 Aprili

Jua. Isaya amefika kwa mguu kutoka barabara kuu, tope mpaka masikioni. Amemshika mtoto kama mtu aliyepewa yai la mwenziwe.

Jumapili, 28 Aprili

Tumerudi nyumbani leo. Maji yamepungua, Valeriani na wenzake wameweka magogo mapya. Ilikuwa baada ya misa na wanawake wa upande wetu walikuwa mtoni wanachota, pale juu, pao. Walituona tunavuka. Vigelegele vikaanza. Wanawake wawili wakaja mbio kumtazama mtoto na kuuliza jina lake, na mmoja akamshika mguu. Mwaka na zaidi hakuna aliyeugusa hata mlango wetu. Nikasema moyoni, yamekwisha, Ayo, tembea, usiseme kitu.

Ayo akasimama.

"Ngojeni," akasema. "Mtoto huyu amezaliwa Jumanne ile, juu, kati ya Cheusi na Chekundu. Tulivuka Kiziwi kwa miguu yetu, mimi na huyu, kabla mtoto hajalia. Damu yake ilikwenda na maji. Nilimwogesha kwenye Cheusi."

Vigelegele vilikatika. Aliyemshika mtoto mguu akauachia.

"Nimechota chini yenu tangu mwaka juzi, na kabla ya hapo ujana wangu wote. Sikuwalaumu. Lakini tangu Jumanne ile mnakunywa maji tuliyoyaingia. Mmepikia, mmewapa watoto. Basi mniambie." Nilimwona anaogopa kama pale Kiziwi. "Nani ameumwa?"

Nilimkumbatia Nanyokie kwa nguvu mpaka akaguna. Isaya alikuwa nyuma yangu na mfuko, hapumui. Mwanamke mmoja aliinua ndoo yake, akaimwaga yote chini, akapita kati yetu bila kutugusa, akaenda zake. Wengine walitazama maji. Niliona mama mmoja anahesabu watoto wake kwa macho.

Nikajua tutarudi kona ya chini, safari hii bila adabu.

Angela alikuwa ameinama ukingoni. Akanyooka taratibu, akishika kiuno. Ndoo yake ilikuwa imeshajaa. Akalitoa lile kopo la njano kwenye mshikio, akalichovya, akamwangalia Ayo, kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Jua ni kali, mama Nanyokie," akasema. "Kunywa, maana unanyonyesha."

Nililipokea kwa haraka, nusu yakanimwagikia kifuani. Nilikunywa yaliyobaki. Yalikuwa na mchanga mwingi. Nikamrudishia kopo, na Angela akachota tena, akanywa yeye.